Tetemeko la Ardhi Halina Ratiba: Elimu ya Kujikinga Iwafikie Viziwi na Wasioona Pia

Kila mtikisiko mdogo unaposikika Kanda ya Ziwa au kandokando ya Bonde la Ufa, simu za ofisi yetu huanza kuita, na swali linaloulizwa zaidi ni lile tusiloweza kulijibu: tetemeko jingine litapiga lini? Safari hii maswali yamechochewa na ujumbe unaozunguka katika makundi ya WhatsApp ukitaja siku na saa. Hakuna taasisi yoyote, iwe ya Japani, ya Marekani au ya hapa kwetu, inayoweza kutaja siku, saa na mahali ambapo tetemeko litatokea. Vipima mitetemo hurekodi kilichokwisha kutokea. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na inaelekea tutaendelea kulieleza.

Kinachojulikana ni maeneo yenye hatari. Tetemeko la Kagera la Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17 upande wa Tanzania, likajeruhi mamia na kuharibu vibaya majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Lile la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005 lilifikia 6.8. Wapo wanaodhani kwamba 6.8 imeizidi 5.8 kidogo tu. La hasha, kila namba moja inayoongezeka ni nishati inayokaribia mara 32 ya ile ya awali.

Kuhusu wanaotunga taarifa za uongo, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kama ilivyotungwa mwaka 2015, kinamhusu mtu anayechapisha kupitia mfumo wa kompyuta taarifa anayojua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kutisha, kutukana au kudanganya umma. Akitiwa hatiani, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tafsiri ya nia hiyo ni kazi ya mahakama, si yetu. Mwananchi aliyepokea ujumbe wa aina hiyo asiusambaze, hata kwa lengo la kuuliza kama ni kweli. Auwasilishe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ambaye ataufikisha kwenye kamati ya usimamizi wa maafa, na kutoka hapo utapanda ngazi ya kata, wilaya na mkoa.

Hata hivyo, adhabu haiwezi kuziba pengo ambalo sisi wataalamu hatulitazami vya kutosha. Ufafanuzi rasmi husomwa redioni, ambako kiziwi hausikii, au husambazwa kama picha ya barua yenye muhuri, ambayo programu ya simu inayomsomea asiyeona mara nyingi hushindwa kuisoma. Uvumi, kwa upande wake, huja kwa maandishi mepesi na kwa sauti, hivyo humfikia kila mtu. Taarifa ya tahadhari inapaswa kutolewa kwa maandishi ya kawaida, kwa sauti, na kwa video yenye mkalimani wa lugha ya alama, kwa wakati mmoja.

Darasani hali haina tofauti kubwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu ya kusoma katika mazingira jumuishi, lakini somo la Bonde la Ufa bado hufundishwa kwa mchoro wa ubaoni. Ramani ya kupapasa haihitaji fedha nyingi: ubao mwembamba, gundi, kamba ya katani kwa mistari ya nyufa, udongo wa mfinyanzi kwa milima, na majina kwa nukta nundu. Mwanafunzi asiyeona huanza na kidole kwenye Ziwa Nyasa, akapanda hadi Mbeya, na hapo kamba inagawanyika: moja inaelekea Tanganyika na Kivu, nyingine inakwenda Manyara na Natron. Akifika kwenye mgawanyiko huo, kwa kawaida huuliza mwenyewe ni kwa nini, na mwalimu amekwisha kupata somo lake. Mwenye ualbino, ambaye aghalabu ana uoni hafifu, apewe ramani ya maandishi makubwa, na ziara ya kutazama miamba ipangwe asubuhi, akiwa na kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Kumwacha shuleni kwa kisingizio cha jua si ulinzi.

Katika mazoezi ya kujikinga, kanuni ya kuinama, kujifunika chini ya meza na kushikilia haimfai kila mtu. Anayetumia kitimwendo afunge breki za magurudumu, ainame na kukinga kichwa na shingo kwa mikono. Kiziwi awe na mwenzake wa jirani na ishara ya kuguswa waliyokubaliana, kwa kuwa kengele haimsaidii na taa hukatika. Asiyeona ajikinge palepale alipo, kisha mtikisiko ukitulia atumie fimbo yake kwa uangalifu, kwani njia aliyoizoea huenda imejaa matofali.

Shule zinazoomba wataalamu kwa ajili ya mazoezi haya ziandike kupitia kwa afisa elimu wa wilaya, zikitaja idadi ya wanafunzi, aina za ulemavu zilizopo, upana wa milango ya madarasa na kama kuna mwalimu anayejua lugha ya alama. Maombi mengi hutaja idadi ya wanafunzi peke yake, na hapo hatuna budi kuyarudisha.