Chama cha viwanda vya dawa hakisajili dawa

Kila tunapokwenda kuzungumza na wananchi kuhusu dawa, swali hili halikosi: "Si kuna chama cha wenye viwanda? Mbona hakiziondoi dawa mbovu madukani?" Hakina mamlaka hayo. Kusajili dawa na kuifuta hapa Tanzania ni kazi ya TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, na Uingereza ni ya mamlaka kama hiyo, MHRA. Chama ni cha wanaotengeneza na kuuza.

Nautaja Uingereza kwa kuwa chama chao ni kikongwe. Kilianza mwaka 1891 kikiitwa Drug Club. Jina la sasa, Association of the British Pharmaceutical Industry (ABPI), kilipewa mwaka 1948, mwaka uleule serikali ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa, NHS. Tangu hapo mnunuzi mkubwa wa dawa akawa mmoja tu, serikali. Kampuni moja peke yake ingebanwa bei hadi ikome. Zikija pamoja, zinasikilizwa. Mwaka 1957 ukapatikana mpango wa hiari wa kudhibiti bei, na mingine imefuata tangu hapo. Ulioanza mwaka 2024 unaweka kikomo cha ongezeko la fedha ambazo NHS inatumia kwa dawa zenye majina ya kibiashara. Kikivukwa, kampuni zinarudisha sehemu ya mauzo yao.

Hiyo ndiyo kofia ya kwanza, ya kutetea biashara, na sioni aibu ndani yake mradi ijulikane. Kofia ya pili ni kuwachunga wanachama. Mwaka 1958 ABPI kilitunga kanuni za namna ya kuitangaza dawa kwa madaktari. Kwa maoni yangu, waliona heri wajibane wenyewe kabla serikali haijawabana. Malalamiko sasa husikilizwa na chombo kilichoundwa mwaka 1993, PMCPA. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya daktari huku kwetu anaijua ile saa ya ukutani yenye jina la dawa ya presha, na kalamu ya kuandikia cheti yenye jina hilohilo. Kule, kalamu na vikombe vya aina hiyo vilipigwa marufuku mwaka 2011.

Kanuni hizo zina meno, ila ni mafupi. Machi 2023, ABPI kiliisimamisha uanachama Novo Nordisk, kampuni ya dawa ya Denmark, kwa miaka miwili. Kampuni hiyo ilikuwa imefadhili mafunzo kuhusu kupunguza uzito kwa wahudumu wa afya, yakatangazwa kwenye mtandao wa LinkedIn bila kuweka wazi kwamba mkono wake umo. Kwa kampuni kubwa kiasi hicho, hilo ni fedheha. Lakini Septemba mwaka huohuo, ikiwa bado nje ya chama, iliingiza dawa yake ya kupunguza uzito, Wegovy, kwenye soko la Uingereza. Kibali cha kuiuza hakikutoka ABPI.