Malaysia bila viza: kaunta ya ndege ndio inaanza kukukagua

Watu wangu wa Tanga, likizo zikikaribia swali ni lile lile, "dada si Malaysia hawataki viza, basi nikate tiketi nipande?" Kweli kwa pasipoti yetu unaingia bila viza, matembezi ya siku 30, ila masharti yapo na yanaanzia Dar kwenye kaunta ya shirika la ndege. Yule wa kaunta ana mfumo unamuonyesha kila nchi inataka nini, na shirika likikubeba halafu ukakataliwa kule linaweza kupigwa faini na mzigo wa kukurudisha ni wao, kwahiyo hata ulie hakupitishi.

Mtu akikaa mezani kwangu hapa Ngamiani naanza na pasipoti. Nafungua ukurasa wa picha nahesabu miezi kwa vidole, kuanzia siku atakayofika kule, isipungue sita. Imebaki mitano? Nenda Uhamiaji kwanza, e-pasipoti ni 150,000, tiketi tutaongea baadae. Naangalia pia kama ukurasa ule umechanika au ulishalowa maji. Na nyie mliozoea kuvuka Horohoro kwenda Mombasa na hati ya dharura, kwa Malaysia hiyo isahau kabisa.

Sasa hapa ndio watu wanaliwa hela. Tangu Januari 2024 mgeni anatakiwa kujaza mtandaoni fomu ya kuingia Malaysia, inaitwa MDAC, unajaza ndani ya siku 3 kabla ya kufika na ni BURE. Ukiitafuta gugo zinatokea websaiti nyingine zimepambwa vizuri kabisa zinakwambia lipia dola kadhaa, usilipe jamani, ya serikali yao anwani yake inaishia na gov.my. Jina andika kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu kama yapo matatu, namba ya pasipoti isome mara mbili maana sifuri na herufi O zinachanganya sana, halafu jibu likija kwenye imeili liprinti, simu huwa zinazima chaji safarini.

Tiketi ya kurudi lazima, hoteli uwe umeshabuku, na hela ya matumizi uweze kuionyesha. Afisa atakuuliza unakaa wapi na unarudi lini, jibu kwa kifupi na kwa ukweli, utaweka vidole kwenye mashine basi umepita. Siku zako ni zile ulizopewa pale, na matembezi hayakupi ruhusa ya kufanya kazi hata kama kuna rafiki amekuahidi nafasi, hilo naliomba sana maana vijana wetu wanaumia.

Wanaotaka kuvuka na basi hadi Singapore kidogo, nako hatuhitaji viza, ila wana fomu yao ya SG Arrival Card, nayo bure ndani ya siku 3, na ukirudi Malaysia MDAC unajaza upya, ile ya mwanzo imeshatumika.