Posta Kubwa ya Lubumbashi: soma bahasha kabla ya ukuta

Anayechunguza jengo la posta la enzi za ukoloni huanza na swali lile lile: lilijengwa mwaka gani? Kwa posta, mwaka wa ukuta hausemi mengi. Kazi ya barua ilikuwapo kabla ya matofali, ikahama vyumba, ikabadilisha majina na mabwana. Hapa Lubumbashi, ambako Place de la Poste ndiyo kitovu cha mji, ushahidi mzuri zaidi umelala ndani ya makabati ya watu: bahasha, kadi na karatasi za ofisi.

Tuanze na njia. Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika. Kwa hiyo mji huu ulipata barua zake kutoka kusini: meli hadi Cape Town, kisha treni kupitia Bulawayo. Boma, makao makuu ya koloni wakati huo, ilikuwa mbali zaidi kwa posta kuliko Cape Town, ingawa bendera ilikuwa moja. Reli ya BCK (kampuni ya reli ya Bas-Congo–Katanga) ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928. Ile ya Benguela ikafungua njia ya Lobito, bandari ya Angola, mwaka 1931. Februari 1935 ndege ya Sabena ikafunga safari yake ya kwanza ya huduma ya kawaida kati ya Brussels na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Ukiwa na bahasha ya miaka hiyo, igeuze kwanza: mihuri ya mgongoni inaonyesha ilikopitia, na tofauti ya tarehe kati ya muhuri wa kutoka na wa kufika inakupa mwendo wake.

Njia hizo ndizo zilizopanga vyumba. Treni huleta magunia mengi kwa mara moja, basi nyuma panahitajika mlango mpana na ukumbi wa kuchambulia. Barua ya ndege hulipiwa kwa gramu, basi gishe (dirisha la kuhudumia wateja) inahitaji mizani ya uzito mdogo. Mandati (hati za kutuma pesa kwa posta) na akiba ya tembre (stempu) hudai chumba chenye sanduku la chuma. Telegrafu na simu zikawa na vyumba vyao. Ukiona chumba kidogo chenye ukuta mnene na dirisha la nondo, usikimbilie kusema ni mahabusu. Mara nyingi ni hazina.

Kisha B.P. (boîte postale, yaani sanduku la posta), ambazo kwangu ndizo moyo wa posta yoyote ya Kongo, kwa kuwa barua haikuletwa mlangoni kwa mtu. Sanduku lina nyuso mbili: mteja hufungua kijimlango chenye kufuli upande wa nje, na mfanyakazi hutia barua kwa nyuma, upande wa uchambuzi. Ndiyo maana ukuta wa masanduku hukaa kwenye baraza, ili mwenye ufunguo afike hata gishe zikiwa zimefungwa. Tahadhari: namba ya B.P. peke yake haitoi mwaka. Mteja akiacha kulipa, namba hupewa mwingine. Inayosaidia ni karatasi yenye namba, jina la taasisi na tarehe kwa pamoja. Chuo kikuu chetu, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), hujulikana kwa B.P. 1825, chenyewe kilifunguliwa mwaka 1956, kikaingizwa UNAZA, chuo kikuu cha taifa cha Zaïre, mwaka 1971, kikasimama peke yake tena mwaka 1981. Panga barua zake kwa vichwa vya karatasi, na utapata kipindi hata pale tarehe ilipofutika.

Tembre zenyewe zinahitaji akili zaidi. Zilizoandikwa Congo Belge kwa Kifaransa na Kiholanzi ni za kabla ya uhuru wa 30 Juni 1960, lakini akiba yake haikutupwa: ziligongwa neno CONGO, na huku kwetu, baada ya Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, kutangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, zikagongwa KATANGA. Mwaka 1961 zikatoka za Katanga yenyewe, zenye picha za sanamu za mbao. Hakuna nchi iliyoitambua Katanga rasmi, wala haikuwa mwanachama wa Umoja wa Posta Duniani, na bado barua zake zilifika Ulaya. Kujitenga kuliisha Januari 1963. Jina Lubumbashi likachukua nafasi ya Élisabethville mwaka 1966, bei za makuta (sarafu mpya) zikaanza mwaka 1967, jina la nchi likawa Zaïre mwaka 1971, kisha Kongo tena mwaka 1997.

Hapo ndipo wengi hupotea. Tembre inakuambia tu kwamba barua haikutumwa kabla yake. Tarehe ya kweli ni ya muhuri. Tena jihadhari na tembre za Katanga zenye muhuri safi mno kwenye pembe, na gundi bado iko nyuma. Hizo zilipigwa muhuri kwa ajili ya wakusanyaji na hazikubandikwa barua yoyote. Na tafadhali, usiloweke bahasha kwenye maji ili kubandua tembre. Ukiitoa, umeharibu njia, anwani na B.P. kwa pamoja. Piga picha pande zote mbili, weka rula kando, toa pini zenye kutu, na usitumie utepe wa gundi.

Kadi za picha za posta ni nzuri kwa macho na dhaifu kwa tarehe: picha moja ilichapwa upya miaka mingi. Linganisha miti, nguzo na magari.

Sasa ukuta. Pima unene wake kwenye kila mlango. Unene ukibadilika ghafla, huenda pameongezwa chumba. Tazama sakafu: mstari ambapo mchoro wa vigae unakatika ni alama ya ukuta au gishe iliyoondolewa. Omba ruhusa kwa maandishi kwa SCPT, shirika la posta na simu la Kongo, kabla ya kutoa kamera. Jengo la serikali bila karatasi litakuletea maneno.

Uharibifu mwingi ni wa maji. Mvua zetu huanza Novemba, na majani ya mijakaranda huziba mifereji ya paa kabla yake. Maji yakifurika yanashuka ndani ya ukuta. Fundi naye huja na plasta ya simenti kali na rangi ya plastiki juu ya tofali la kuchoma. Unyevu unakosa pa kutokea, rangi inavimba, plasta inadondoka vipande vipande pamoja na uso wa tofali. Mifereji isafishwe Oktoba. Kiraka kiwe cha chokaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga, kwanza sehemu ndogo, kikauke taratibu chini ya gunia bichi. Kwenye madirisha ya chuma, kutu huvimba na kupasua kioo. Kwangua hadi chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo uweke kioo na puti mpya (udongo laini wa kushikiza kioo).