Je, wajua kwa nini kipimo cha mimba cha duka la dawa hakimfai ng'ombe?

Kile kijiti cha kupimia mimba kinachouzwa duka la dawa husaka homoni moja tu, hCG, ambayo kwa binadamu hutoka kwenye kondo la nyuma linaloanza kujijenga. Ng'ombe hana homoni hiyo. Hata awe na ndama wa miezi saba tumboni, kijiti kitasema hana kitu.

Damu yake ndiyo inayosema, ila kwa lugha nyingine. Kondo la ng'ombe, mbuzi na kondoo lina seli kubwa zenye viini viwili, na seli hizo humwaga kwenye damu ya mama protini ziitwazo kwa kifupi PAG. Mojawapo ilitengwa mwaka 1982 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Idaho, Marekani. Daktari wa mifugo huinua mkia, akapapasa kijibonde cha katikati upande wa chini, akachoma sindano hapo na kuvuta mililita chache za damu. Kuanzia siku ya 28 hivi tangu kupandishwa, maabara inaweza kutoa jibu.

Kuna pia projesteroni, homoni inayolinda mimba. Siku ya 21 hadi 24, ikiwa chini, ng'ombe hana mimba, na jibu hilo ni la kuaminika sana. Ikiwa juu, usishangilie bado: huenda ana mimba, au mzunguko wake ulipishana tu na tarehe ulizohesabu.

Kwangu mimi, faida kubwa ya vipimo hivi ni kumjua mapema asiye na mimba. Joto, yaani hali ya ng'ombe kutaka dume, huja kila baada ya siku 21 hivi, na likipita bila kuonekana, mfugaji analisha wiki tatu nyingine akisubiri ndama ambaye hayupo. Huo ni mzigo mzito kwa mwenye ng'ombe wawili.

Lakini PAG haziondoki upesi. Ng'ombe akizaa, mabaki yake hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo vipimo vingi hutaka zipite siku 60 hivi tangu kuzaa, la sivyo vitasoma mimba iliyokwisha. Mimba ikiharibika pia, protini hukawia kupungua, na mimba changa huharibika mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Ndiyo maana aliyekutwa na mimba mapema hupimwa tena baada ya mwezi au miwili.

Kwa farasi mtego ni mkubwa zaidi. Yeye ana homoni yake, eCG, iliyogunduliwa California mwaka 1930, nayo huonekana kwenye damu kati ya siku ya 40 na ya 120 hivi. Vijivimbe vinavyoitoa vikishajijenga ukutani mwa mfuko wa uzazi, huendelea na kazi hata mtoto akifa. Kwa farasi, basi, jibu la damu linahitaji kuthibitishwa kwa ultrasaundi.