Hivi kwa nini mashabiki wa muziki Bongo lazima tugawanyike timu mbili?

Kaa kijiweni dakika kumi tu useme wimbo mpya wa Diamond mtamu, hujamaliza sentensi kuna mtu keshakuuliza "kumbe na we Wasafi?", yaani ile lebo ya Diamond. Hujaulizwa wimbo una nini, gitaa wala mashairi, umeulizwa uko upande gani. Ukijibu huna upande ndo umeharibu kabisa, unaonekana mnafiki. Wengi wanadhani haya mambo yameletwa na Instagram, ile 2014 Ali Kiba aliporudi na Mwana kila komenti ikawa Timu Kiba au Timu Diamond. Je, wajua babu zako walikuwa hivihivi, tena na sare juu?

Huku pwani, kuanzia Lamu na Mombasa kuteremka mpaka Tanga na Dar, miaka ya mwanzo ya 1900 kulikuwa na ngoma inaitwa beni, jina limetokana na hizo bendi za kizungu, watu wanapiga gwaride, wanavaa kama maofisa wa jeshi na kupeana vyeo vikubwa vikubwa. Sasa beni haikuwa ya kundi moja, hainogi hivyo. Tanganyika kulikuwa na Marini na kulikuwa na Arinoti. Marini walijiona ndo watu wa juu, makarani na wastaarabu wa mjini, Arinoti wakawa wa vibarua na watu waliokuja kutafuta maisha. Kazi yao kubwa ni kushindana, nani kapendeza, nani kalisha watu vizuri, nani katunga wimbo wa kumchoma mwenzake akakosa la kujibu. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja askari wakaibeba hadi bara huko ndani, na mpinzani wake wakambeba.

Ukipenda taarab mambo ni yaleyale. Tanga kulikuwa na Black Star Musical Club, baadae wengine wakatoka wakaanzisha Lucky Star, afu mafumbo yakaanza kurushwa kutoka jukwaa hili kwenda lile. Na hapa ndo naona siri ilipo: upande wa pili mara nyingi hauji kutoka mbali, unazaliwa ndani ya nyumba ileile. Mtu anahama, anaondoka na mashabiki zake, wanaobaki wananuna.

Mfano mzuri kuliko yote ni Msondo na Sikinde. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wakawa waajiriwa kabisa wa mshahara wa mwezi, jambo geni kipindi hicho. Ikaja kuitwa Juwata, afu OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikaundwa Mlimani Park, ndo hao Sikinde, mwimbaji Muhidin Gurumo akatoka Juwata akaenda, mwenzake Hassan Bitchuka nae akafuata, mji ukapasuka vipande viwili. Halafu angalia majina waliyochagua, msondo ni ngoma na sikinde ni ngoma vilevile, zote za watu wa hukuhuku Uzaramoni. Hawa wakajiita Sikinde ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani, wale wakajiita Msondo baba ya muziki. Sasa mwambie mgeni akuonyeshe tofauti yao kwa sikio tu, magita yaleyale, matarumbeta yaleyale, visa vya ndoa na walimwengu vilevile, waimbaji wenyewe wanapishana mlangoni!

Mjomba wangu alikuwa Sikinde. Sio anapenda Sikinde, alikuwa Sikinde. Redio ikipiga Msondo ananyanyuka pale kwenye mkeka na kikombe chake cha chai anaenda kuizima, afu anarudi anakaa kimya kama mtu aliyemfukuza mwizi. Ila kuna siku betri za redio zilikuwa nje zimeanikwa juani, jirani akaifungulia Msondo kwa sauti, nikamuona mjomba anafuatisha mdomo neno kwa neno mpaka pale panapoitikiwa. Nikamuuliza anko hii umeijulia wapi? Akasema "lazima umjue adui yako".

Kuna mwanasaikolojia anaitwa Henri Tajfel, alifanya jaribio Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wavulana wa shule wa miaka 14 na 15 hivi. Akawaonyesha michoro ya wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, afu akawaambia nyie mmempenda huyu, nyie yule, kumbe aliwagawa kwa bahati nasibu tu. Wakapewa kazi ya kugawa vijihela kwa wenzao bila kuambiwa ni nani hasa. Wengi wakapendelea upande wao, lakini cha kushangaza zaidi mara nyingi walikuwa radhi upande wao upate kidogo kuliko ambavyo ungeweza kupata ili mradi wale wengine wapitwe. Yaani timu inakuja kwanza, mapenzi ya mchoro yanafuata nyuma yanahema. Ukisoma hapo utamwelewa jamaa anayefurahia views za msanii wa wenzie zikishuka kuliko za msanii wake zikipanda.

Kwenye filamu tulijaribu jaribu, enzi za Kanumba na Ray watu walibishana sana nani mkali. Vichekesho ndo ngumu kabisa, kicheko hakina adabu kinakutoka tu, huwezi kukunja mikono ukasema mimi huyu sicheki ni wa upande wa pili wakati chai imeshakupalia. Muziki unakuruhusu kununa, unakaa umevimba mpaka wimbo unaisha.

Na hamahama haijaisha, Harmonize alipotoka Wasafi 2019 na kusimama na lebo yake ya Konde Gang, nilikuwa naona Juwata ya 1978 tupu, tofauti ni simu tu. Gurumo mwenyewe hakutulia Sikinde, 1985 akaenda bendi ya Safari Sound, mwisho wa yote akarudi kulekule alikoanzia, Msondo. Alipofariki Aprili 2014 redio zilipiga nyimbo zake za pande zote kutwa nzima na mjomba siku hiyo hakuzima hata moja. Nikamwambia anko, huyu mzee si alikuwa wa Msondo miaka mingi kuliko kwenu? Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Huyu wetu," akasema, "kule alikuwa anaenda kutembea tu."