Simenti haiiponyi nyumba ya Mji Mkongwe

Mwenye nyumba mmoja wa Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, alinionyesha kwa fahari ukuta aliokuwa ameupiga lipu ya simenti hadi usawa wa kiuno, kisha akaniuliza kwa nini unyevu sasa umepanda hadi dirishani. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno.

Dhana yenyewe ni kwamba simenti, kwa kuwa ni ngumu kuliko chokaa, basi ni bora kuliko chokaa. Kuta nene za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, nazo hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Lipu ya chokaa huyaachia maji hayo yakakaukia hewani; simenti huyaziba, yakapanda ndani kwa ndani hadi kwenye ncha za boriti zilizochomekwa ukutani, na boriti ya mkoko ikikaa katika unyevu huoza mahali ambapo jicho halifiki. Nimewahi kuidunga kwa bisibisi boriti iliyoonekana nzima kabisa, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Lipu ya chokaa inayopukutika baada ya miaka kadhaa, ambayo wenye nyumba huiona kuwa aibu ya fundi, inakuwa imefanya kazi yake: chumvi imeila yenyewe badala ya kulila jiwe. Ushauri wangu, ambao mafundi wangu wamechoka kuusikia, ni kurekebisha kwanza mifereji ya maji ya paa inayovuja, kubandua simenti yote, kuuacha ukuta ukauke hata kwa miezi, ndipo ipigwe chokaa iliyolowekwa muda wa kutosha.

Dhana nyingine potofu kuhusu Mji Mkongwe ni nyepesi kusahihisha. Misumari ya shaba milangoni haikuwekwa kuwazuia tembo, ambao Unguja hawapo. Ni mtindo wa Bara Hindi uliogeuka pambo na alama ya ukwasi. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, lakini nyumba nyingi za mawe ni za karne ya 19, si za kale kama wageni wanavyosimuliwa. Wala Mji Mkongwe kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 hakulizuii jengo kuanguka: Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya mwaka 1883, iliyokuwa makumbusho, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati.

Yule wa Kiponda amekubali tubandue ukuta wa uani. Wa mbele, anasema, atangoja kwanza aone.