Je, kondomu shuleni huwafanya vijana waanze ngono?

Hoja hii imezoeleka: ukimfundisha mwanafunzi uzazi wa mpango, ukamwekea na kondomu karibu, umempa ruhusa. Wanaoisema wengi ni wazazi wenye uchungu na watoto wao, na uchungu huo nauelewa. Ila hoja yenyewe imepimwa, ikaonekana si kweli.

Mwaka 1991 jiji la New York lilianza kutoa kondomu bure katika shule zake za sekondari za umma. Mwanafunzi aliingia katika chumba maalumu, akakutana na mwalimu aliyejitolea kwa kazi hiyo, akaelezwa, akapewa. Chicago wakati huo haikuwa na mpango kama huo, hivyo watafiti wakapata miji miwili ya kulinganisha. Waliwauliza wanafunzi zaidi ya 12,000, na matokeo yakachapishwa 1997. Waliokwisha kufanya ngono walikuwa takriban asilimia 60 New York, na Chicago vilevile takriban asilimia 60. Tofauti ilikuwa kwingine: miongoni mwa waliokuwa wakifanya ngono, wa New York walitumia kondomu zaidi.

Yaani kondomu haikumvuta aliyekuwa amejizuia. Ilimkinga yule aliyekwisha kuanza, ambaye mara nyingi sisi wazazi hatumjui. Mwongozo wa UNESCO wa 2018, uliopitia tafiti za nchi nyingi, unasema vivyo hivyo kuhusu elimu ya jinsia: haiharakishi kuanza ngono, na mahali pengine huchelewesha.